Mimba ya Ngapi?

Mwanangu Hadija,

Umetoka hapa saa nne kwenda Simbo kuwaaga wajomba zako, na najua hawatakuachilia kabla ya alasiri. Nimekaa kwenye meza ya cherehani, nimesogeza pembeni gauni la mteja, nimechana karatasi katikati ya daftari lako la kidato cha nne. Kesho treni inakuchukua kwenda chuoni Tabora. Mambo ya neti, ya kufunga begi kwa kufuli, ya kutokununua chakula dirishani, baba yako amekwisha kuyasema mara tatu na atayasema tena stesheni. Mimi nayaacha. Nina jambo moja nililolibeba tangu ukiwa na siku mbili duniani, na sitaki upande treni bila kulijua.

Unajua kwamba ulizaliwa ukaugua manjano. Bibi yako Mwamvua, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaeleza wageni jinsi ulivyokuwa na rangi ya embe lililoiva, na wewe ukicheka. Hadithi aliyokuwa akiisimulia ilikuwa na tundu katikati. Alilizunguka kwa ajili yangu.

Ulizaliwa Ijumaa asubuhi, kwenye zahanati hapa Ujiji. Ulilia vizuri, ukanyonya. Jumamosi alfajiri, kabla hujatimiza siku moja, niliona weupe wa macho yako umeingia rangi. Sikumwambia nesi. Nilitaka kutoka nije nyumbani, maana kila mtu mwenye daftari alikuwa ananitia hofu, na sababu yake utaielewa sasa hivi. Tukatoka saa mbili. Mchana bibi yako alikufunua, akakugeuza mwangani, akasema, "Manjano haya. Watoto wangu wawili walikuwa nayo. Mwoteshe jua." Tukakuotesha jua, mimi nimekaa kwenye mkeka uani, wewe mapajani, uchi, na mimi nikijiambia kuwa aliyelea watoto sita anajua kuliko mimi.

Simlaumu. Watoto wengi hupata manjano siku ya tatu, ya nne, yakapita. Hakujua kwamba yako yalianza siku ya kwanza. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Jumapili asubuhi ulikataa titi. Nilikutia chuchu mdomoni ukaiachia. Mikono yako ilikuwa imelegea kama kitambaa kilicholowa, na manjano yalikuwa yameshuka hadi kwenye nyayo. Bibi yako hakusubiri mtu. Alikufunga kwenye khanga kifuani, akasimamisha bodaboda, akaniambia nipande ya nyuma nimfuate, na tukapanda hivyo mpaka hospitali Kigoma mjini. Baba yako alikuwa Kibirizi akifungua injini ya boti ya mtu. Akaitwa kwa simu, akaja na mikono ya grisi.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alikubonyeza paji la uso kwa kidole, akaangalia ngozi chini ya kidole, akauliza, "Manjano yalianza lini?"

"Jana alfajiri," nikasema.

"Kabla ya kutimiza siku moja?"

"Ndiyo."

Uso wake ukabadilika. "Manjano ya siku ya kwanza hayaoteshwi jua, mama. Hayo yana sababu, na sababu lazima tuijue leo." Akaagiza tupimwe damu wote wawili, wewe na mimi. Kisha akachukua kadi yangu ya kliniki. Ilikuwa karibu tupu. Nilihudhuria mara mbili tu katika miezi tisa, na niliposema nitarudi kupima kundi la damu, sikurudi.

"Mimba ya ngapi hii?"

Kabla sijafungua mdomo, bibi yako akajibu kwa fahari, "Ya kwanza. Huyu ndiye aliyetufungulia mlango."

Daktari akaandika. Mimi nikaangalia sakafu.

Hadija, hiyo haikuwa mimba yangu ya kwanza.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nyumbani Simbo, nilipata mimba ya kijana tuliyekuwa tukisoma naye. Baba yangu alinipeleka Kasulu kwa shangazi kabla tumbo halijaonekana. Nilijifungulia kwake, mikononi mwa mkunga jirani. Nilimpata mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti kubwa. Aliishi miezi minne, homa ikamchukua. Niliporudi Simbo, mama aliniambia neno moja tu: hili halikutokea. Miaka mitano baadaye baba yako aliponiposa, hakuna aliyemwambia, na mimi nikiwa wa kwanza wa kutomwambia. Ndiyo maana nilikimbia kliniki. Kila nesi anaanza na swali lile lile, mimba ya ngapi, na nilijibu uongo mara mbili, nikaona mara ya tatu sitaweza.

Majibu yakarudi. Damu yangu ni kundi O, hasi. Yako ni O, chanya. Daktari alitueleza polepole, baba yako akiwa amesimama mlangoni. Alisema kuna ugonjwa ambao mwili wa mama huiona damu ya mtoto kama adui, ukatuma askari wake kuivunja, na damu ikivunjika ndiyo hutoa ile rangi ya manjano. Rangi ikizidi hupanda ubongoni, mtoto akafa, au akabaki na ulemavu na uziwi. "Mama akiwa O na mtoto akiwa A au B, inaweza kutokea hata kwa mtoto wa kwanza," akasema. "Lakini wote hawa ni O, kwa hiyo si hiyo. Nyingine ni hii ya hasi na chanya. Hiyo kwa kawaida haimpati mzaliwa wa kwanza, kwa sababu mwili wa mama bado haujajifunza kupigana. Hujifunza kwa mtoto wa kwanza, ukampiga wa pili. Ndiyo maana nafikiria zaidi maambukizi ya damu. Tunamwanzishia dawa, na tunamweka kwenye mwanga wakati tunapima zaidi."

Wakakulaza chini ya taa za buluu, macho yamefungwa kwa shashi. Nilisimama pale nikisikia maneno yake yakijirudia. Hujifunza kwa mtoto wa kwanza. Ningeweza kumwita. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Nilimtazama bibi yako ameshika tasbihi, nikamtazama baba yako, nikajiambia pengine ni maambukizi kweli. Sikumwita. Katika yote niliyowahi kuyakosea, hili ndilo ninaloweza kukuonyesha kwa kidole: dakika zile, wewe uko chini ya taa, na mimi nalinda jina langu.

Aliyetuokoa alitoka maabara. Aliitwa Felista, mwanamke mfupi, Muha wa Kasulu kwa lafudhi yake, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuja wodini mwenyewe wakati majibu hubebwa na wahudumu. Akaniambia nimfuate korido, akasimama karibu na dirisha pasipo na mtu.

"Mama, nimechukua maji ya damu yako nikayachanganya na damu ya mtoto wako," akasema. "Yanaigandisha. Na nimeitazama damu ya mtoto yenyewe, imekwisha kubandikwa askari wako. Hii siyo maambukizi. Mwili wako umeshawahi kukutana na damu chanya, ukaikariri. Wapi, wewe ndiye unayejua. Uliwahi kuongezewa damu?"

Hadija, alinipa mlango. Ningesema ndiyo, niliongezewa nikiwa mdogo, na pangeishia hapo. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini aliongeza, kwa sauti ya chini na kwa Kiha chetu, kwamba hakuja kunihukumu, kwamba anachotaka ni kumpa daktari jibu ambalo halitayumba, maana matibabu yanayofuata ni mazito na kila saa ina thamani. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia dada yake.

"Nilizaa," nikasema. "Zamani. Kasulu. Alikuwa mzima, hakuwa na manjano."

"Ndivyo inavyokuwa," akasema. "Wa kwanza hupita salama. Asante." Akanishika mkono. "Daktari lazima ajue. Wengine, hiyo ni siri yako, mimi siwaambii."

Akageuka akaenda karibu mbio. Neno lile, asante, sijapata kulisikia tena likiwa na uzito kama ule. Nimenyamazia uongo unaoweza kumuua mtoto, na mtu anapoletewa ukweli uliochelewa, ananishukuru.

Daktari alikuja na sura nyingine kabisa. Hakunikaripia. Alisema damu yako lazima ibadilishwe: watatoa yako kidogo kidogo kwa bomba la sindano kupitia kitovu, wakirudishia damu ya mtu mwingine, mpaka sehemu kubwa ya ile inayovunjika iwe imetoka. Lakini damu hiyo lazima iwe O hasi, ambayo askari wangu hawaitambui, na benki haikuwa nayo. Baba yako ni B chanya, bibi yako hali kadhalika. Felista alikuwa na daftari lake la watu wenye damu hiyo hapa mjini. Walikuwa watatu. Mmoja alikuwa polisi aliyehamishwa. Mwingine alikuwa mwanafunzi aliyekwenda kwao likizo. Wa tatu aliitwa Spesioza, Mrundi aliyekuwa akiuza mawese soko la Mwanga, na simu yake haikupatikana.

Hapo bibi yako akauliza kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote wa wodi, "Damu ya mtoto inapiganaje na ya mama yake? Basi huyu mtoto ni wa damu ya nani?"

Nikaona baba yako amenigeukia. Nikaelewa kwamba nikinyamaza tena, wewe ndiye utakayeibeba aibu yangu maisha yako yote, mtoto wa shaka. Nikamvuta nje, kwenye ngazi.

"Idi, mtoto ni wako," nikamwambia. "Lakini si wa kwanza wangu. Nilizaa kabla sijakujua, mtoto akafa. Nilikuficha. Damu yangu ilijifunza kwake, ndiyo inamwua huyu. Nimewaficha hata madaktari."

Alijifuta grisi mikononi kwa shati, taratibu, kidole kimoja kimoja. Nilisubiri kofi, nilisubiri talaka. Akasema, "Hayo tutayazungumza mtoto akipona. Huyo mama wa mawese anauzia upande gani wa soko?"

Akashuka ngazi.

Aliyoyafanya baba yako mchana ule niliyasikia kwa watu wengine, yeye hasimulii. Sokoni Mwanga wakamwambia Spesioza ameshateremka Kibirizi na madumu yake, anasafiri na boti ya mizigo kwenda kaskazini. Alipofika ufukweni boti ilikuwa imekwisha kusukumwa, injini inaunguruma. Aliingia ziwani na nguo zake, maji yakamfika kifuani, akimwita nahodha kwa jina. Bahati njema injini ile aliitengeneza yeye, nahodha akamjua, akaizima. Akashika ubavu wa boti akauliza nani hapa ni Mama Spesioza.

"Ni mimi. Umenitakia nini?"

"Mwanangu ana siku mbili. Anahitaji damu yako."

Abiria wakaanza kunung'unika. Nahodha akasema upepo hausubiri, na madumu yake yako chini kabisa ya mizigo, hayatolewi. Yule mama akakunja kitenge, akasema, "Nendeni nayo. Mawese yatangoja, mtoto hangoji." Akateremka majini.

Walifika hospitali wamelowa wote wawili, kwa pikipiki moja. Felista akampima, akaihakiki damu yake, akaipambanisha na maji ya damu yangu mara mbili mbele ya macho yangu ili nione kwamba haigandi. Wakati akitolewa damu nilikuwa nimekaa sakafuni kando ya kitanda chake nalia, akaniwekea mkono kichwani, akinuka mawese na maji ya ziwa. "Ihangane, mwana wanje," akaniambia. Vumilia, mwanangu. Na mimi sikuwa mwanawe, wala hakujua jina langu.

Walikubadilisha damu kwa karibu saa mbili. Niliruhusiwa kuchungulia kwenye kioo. Daktari anavuta, nesi anahesabu kwa sauti, daktari anasukuma. Iliyotoka na iliyoingia zilifanana rangi, nikashangaa kwamba tofauti inayoua haionekani kwa macho. Waliporudi kupima, manjano yalikuwa yameshuka. Ulikaa chini ya taa siku nne zaidi. Siku ya pili yake ulikunja uso, ukalia kwa hasira, nesi akacheka akasema, "Huyu sasa ana njaa." Ulinyonya, Hadija. Ulininyonya mpaka nikaumia, na sikutaka uache.

Siku tuliyorudi nyumbani bibi yako alinifungia chumbani naye. Baba yako alikuwa amemweleza. Nilijua ataniambia nirudi Simbo. Akasema, "Mimi unifiche, mimi mkweo. Daktari unamfichaje?" Akatikisa kichwa. "Ningemzika mjukuu wangu kwa kuwa niliropoka 'ya kwanza' na wewe ukaniachia niropoke." Alinichukia miezi kadhaa, na alikuwa na haki. Kisha ikapita. Ndiye aliyekaa nami nilipopoteza mimba iliyofuata, ikiwa na miezi saba, ingawa safari hiyo nilikwenda kliniki tangu mwanzo na nikasema kila kitu. Kuna sindano ambayo mama mwenye damu kama yangu huchomwa mapema, kabla mwili haujajifunza. Kwangu ilikuwa imeshachelewa tangu Kasulu. Tukaamua tusijaribu tena. Ulipokuwa ukiniuliza kwa nini uko peke yako, nilikujibu kwamba ni mipango ya Mungu. Sikukudanganya, ila nilikupa nusu. Wewe damu yako ni chanya, kwa hiyo hili halitakupata ukizaa. Hata hivyo ukiulizwa na mtu anayekutibu, jibu.

Na baba yako? Wiki mbili baada ya wewe kupona, tulikuwa tunakula, akaweka tonge chini.

"Aliitwa nani?"

"Nani?"

"Yule wa Kasulu."

"Yusufu," nikasema. Lilikuwa jina ambalo sikuwa nimelitamka tangu nilipomzika. Akalirudia, Yusufu, kisha akaendelea kula. Hakuuliza baba yake ni nani, wala siku ile wala baadaye. Tumegombana mara nyingi, umesikia mwenyewe kupitia ukuta. Kumbuka vizuri kila ugomvi uliousikia, uone kama kuna hata mmoja alionirudishia neno lile. Hakuna. Nimeishi na mwanamume aliyeshika silaha ya kunimaliza akaiweka mahali, na akasahau alipoiweka.

Mama Spesioza tulimtafuta na kumpelekea kitenge na kuku wawili. Aliwapokea kuku, akakubeba wewe, akasema unafanana na baba yako hasa paji la uso, kwa sauti ya kutosha bibi yako asikie. Miaka michache baadaye alirudi kwao Burundi na familia yake, sikuwahi kumuaga. Felista alistaafu, yuko Kasulu, huwa tunapigiana simu siku za sikukuu. Nilikuwa nikifikiri kushukuru ni kulipa. Nimejaribu kuwalipa watu hawa nikashindwa, na siku hizi najua kwamba sishindwi kwa ubaya. Nikiamka nikakuta sauti yako ukiimba jikoni, nashukuru, basi. Nimeshukuru hivyo kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa.

Sikuandikii ili ujifunze kusema ukweli daima. Mimi mwenyewe bado kuna siku naogopa. Nakuandikia kwa sababu unaondoka kwenye nyumba hii ukidhani inajengwa na watu waliotulia, na nilitaka ujue ilijengwa na nini. Ukifika huko ukafanya kosa ukalificha, na utafanya, usijione umeshatupwa. Pana watu ambao ukiwaletea ukweli uliochelewa watakwambia asante na kukimbilia kazi. Watafute hao.

Juzi nilimwambia baba yako kwamba nataka kukuandikia haya, nikamwomba ruhusa, maana siri ilikuwa yake pia. Alikuwa akipakua samaki. Hakuinua macho.

"Mwambie," akasema. "Ni kaka yake."

Kwa hiyo huko chuoni wakikuuliza mmezaliwa wangapi, jibu unavyoona moyo wako. Ukitaka kusema peke yako, sitaumia. Ukitaka kusema wawili, wa kwanza alitangulia, yuko Kasulu kwenye makaburi nyuma ya shamba la shangazi, na likizo ya kwanza, ukipenda, tutakwenda wote watatu kulisafisha kaburi lake.

Mama yako anayekushukuru,
Zuhura